Pancha, Barabara ya Nane

Mwalimu Shekuwe anataka beti sita
za mahafali, Ijumaa, "kama zile za kila mwaka."
Kila mwaka ndiyo ugonjwa wenyewe.
Miaka kumi na mmoja naandika
*Elimu ni taa yetu, kiza kutuondolea,*
vina vimekaa, mizani imetimia, wazazi wanapiga makofi,
na mwaka jana nilipofika kwenye *taa*
umeme ukakatika ukumbi mzima.
Watoto walicheka mpaka wakalia.
Mimi pia nilicheka. Ila nilirudi nyumbani,
na tangu usiku ule daftari limeninunia.

Nimejaribu dawa za watu.
Nimeamka kabla ya adhana,
nimekunywa kahawa chungu ya kumtoa mtu pepo,
nimebadilisha kalamu, nimehamishia meza dirishani,
dirishani nikaona kuku wa Bi Mwanjaa,
nikaandika *kuku*,
nikaikata.
Wino ulitoka. Neno ndilo halikutoka.

Leo nikasema basi, nikanunue machungwa.
Ngamiani barabara hazikupewa majina, zilipewa hesabu,
ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Aliyezipanga, nahisi, alikuwa na maradhi yangu:
yalimwisha maneno, akahesabu.

Ya tano, tairi la nyuma likaanza kuzama.
Ya sita nikashuka.
Ya saba nasukuma, na bila kutaka
nahesabu kwa vidole juu ya usukani, vinane,
vidole gumba nimeviacha vishike baiskeli,
na ya nane nikasimama kama mshororo unavyosimama:
ukwapi umekwisha, utao haujaja.

Hapo ndipo alipo Sechambo na beseni lake la bluu,
maji meusi kama chai ya msibani.
Nikainama kuitafuta pancha.
"Mama, ukiitafuta kwa macho utalala hapa."
Akaing'oa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha,
akawa anaizungusha polepole, shibiri kwa shibiri,
akizungumza habari nyingine kabisa:
mpwa wake aliyeoa Korogwe, bei ya gundi,
mbuzi wa jirani aliyekula kitambulisho.
Hakuangalia maji. Nilimwona. Hakuangalia.
Kisha: bwi.
Bwi-bwi-bwi,
ushanga wa hewa kutoka pahali nisipopadhania,
kando ya kiraka cha zamani,
pembeni tu mwa pale palipokwisha kuzibwa.
"Huyo," akasema. "Kashasema mwenyewe."

Nilimlipa nikasahau chenji.
Ya tisa sikuiona.
Tairi limejaa lakini sikupanda, niliisukuma tu,
naogopa mwendo ungekimwaga kilichomo mdomoni.
Ya kumi na mbili mtu alinisalimia,
anisamehe, sikumwitikia.
Ya kumi na tatu harufu ya mihogo ya kukaanga
ikanivuta kanga. Nikajinasua.
Ya kumi na sita nikasimama tena, katikati ya njia,
mwenye guta ananitukana kwa ufasaha ninaouonea wivu,
nami naandika kiganjani, kalamu inateleza kwa jasho:

*Aliyetoboka ndani, maji yatamtangaza.*

Nikahesabu. Nane. Na nane.

Si ya mahafali.
Haina taa, haina bahari,
haina pongezi kwa kamati ya shule.
Mwalimu Shekuwe ataishika karatasi mbali na uso
aulize, na elimu iko wapi humu?
Sijui bado. Nimeshika mmoja,
imebaki mishororo ishirini na mitatu,
na Ijumaa ni keshokutwa.
Nimekaa na mkono wangu wa kushoto juu ya meza,
siunawi.
Bi Mwanjaa anagonga, anauliza machungwa.

Machungwa!